Tuzo ya Kioo na Bomba la Bluu

Tik.

Hivyo tu, mara moja. Kama mtu aliyeng'ata kipande cha barafu chumba cha pili. Nilikuwa nimeinama juu ya maboksi, ncha ya selotepu iko mdomoni, na nikajua palepale kabla hata sijageuka. Kioo kizito kikianguka hupiga kelele, karakana nzima inaruka. Kikipasuka kwa joto husema tik, kisha kinanyamaza.

Nilipogeuka, fundi wetu mkuu alikuwa amesimama mbele ya sinki, bomba la bluu linamwaga maji, na mikononi ameshika tuzo ya kwanza ya wale madam wa Kirusi, kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Nitaeleza taratibu, maana kisa hiki kimeshasimuliwa na wengi pale kazini na kila mmoja anakipindisha anavyotaka.

Karakana yetu iko Al Quoz, nyuma ya gereji inayopaka magari rangi. Tunatengeneza tuzo. Ukimwona mtu Dubai amepanda jukwaani, akapewa kitu kinachong'aa, akalia, huenda mimi ndiye niliyekifuta alama za vidole asubuhi ile. Kazi yangu ni kuosha na kung'arisha. Dada mmoja wa Kisumu anafunga maboksi na kupokea simu. Fundi mkuu anachonga kwa mashine. Ni Mpakistani wa makamo, na wote tunamwita Ustad, si kwa maana ya mwalimu wa madrasa, ni vile kwao fundi aliyebobea huitwa hivyo. Juu yetu yuko arbab, mwenye karakana, ambaye tukiwa mbele yake tunamwita sir.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili. Herufi zangu ni kubwa kubwa kama za mtoto. Lakini ndoto ninazo, jamani, hizo hazikuishia kidato cha pili. Kila tuzo niliyomaliza kuiosha niliinua juu, nikasafisha koo, nikaanza: "Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu kule Muheza, na mashabiki wangu wote..." Dada wa Kisumu anadakia kutoka kwenye maboksi yake, "Haya, leo Bongo ameshinda nini?"

"Leo mimi ni muuza nyumba bora wa mwaka."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa daktari wa meno."

Tunacheka mpaka Ustad anagonga kioo cha chumba chake cha mashine.

Wale madam walikuja mwanzoni mwa mwezi wa nane. Walikuwa wawili, wanamuziki, wanaimba pamoja tangu wakiwa wanafunzi. Huku ukimwuliza Mrusi yeyote kuhusu wao, anatabasamu na kuanza kuimba kidogo. Mmoja ana nywele nyekundu, anaongea na mikono, anacheka kabla hujamaliza kusema. Wa pili ana nywele fupi kama za mvulana na miwani ya jua ambayo haivui hata ndani. Nyuma yao dereva alikuwa anasukuma kreti la mbao lenye karatasi za bandari ya Jebel Ali. Ndani mlikuwa na tuzo kumi na moja. Zote walizowahi kupewa maishani.

"Tunataka ya pili ya kila moja," alisema wa nywele nyekundu. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. "Wanatuita wawili, wanatupa moja. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Wawili, moja!"

Akatueleza walivyoishi nazo. Waliwekeana utaratibu kwamba kila baridi ikiisha kule kwao, tuzo zinahama nyumba. Mwaka huu kwa mmoja, mwaka ujao kwa mwenzake. Mume wa mmoja alishawahi kulalamika kwamba anabeba shaba kuliko anavyobeba watoto. Sasa mmoja amehamia Dubai, ghorofa moja ya Al Jaddaf, mwingine amebaki kwao, na zamu haiwezekani tena. Mwisho wa mwezi walikuwa na onyesho la kutimiza miaka yao ya kuimba, na walitaka siku hiyo kila mmoja aende na zake.

Nilizifungua kwenye karatasi moja moja. Moja ilikuwa maikrofoni ya shaba yenye shingo iliyopinda, mtu aliikalia kwenye gari. Kulikuwa na sahani ya redio, na ngao ya fedha waliyopigiwa kura na watazamaji wa televisheni. Ndege wa shaba alikuwa mzito, nywele nyekundu akasema miaka mingi walimtumia kuzuia mlango wa jikoni. Nyingine aliinyooshea kidole tu: "Hii walitupa mwaka ambao walikuwa wamechoka kutunyima."

Dada wa Kisumu, ambaye haogopi mtu, akamwuliza yule wa miwani, "Na wewe madam, unapenda gani?"

Yule aliingiza mkono ndani ya kreti mwenyewe, akatoa kitu kilichofungwa kwenye shali ya sufi. Kioo. Hakikuwa kikubwa, kama urefu wa chupa ya soda, kimechongwa mfano wa jani lililoganda barafu, kingo zake si sawa. Ukweli ni kwamba ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwetu tungeikataa kwenye ukaguzi.

"Tulikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Hizi nyingine walitupa watu waliotujua. Hii walitupa watu ambao hawakutujua kabisa."

Akairudisha shalini, akanipa mimi. Si Ustad, si arbab. Mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, najua. Lakini alinipa mimi.

Sasa niwaambie kuhusu maji, maana kisa chote kiko hapo.

Dubai mwezi wa nane, matangi yako juu ya paa na jua linayapika tangu asubuhi. Bomba la bluu, ambalo ndilo la maji ya baridi, linatoa maji ya kukorogea chai. Sisi tunaoosha tunajua dawa yake. Mwezi wa tano unazima hita. Lile tangi lake dogo liko ndani, kwenye AC, kwa hiyo maji yakikaa mle yanapoa. Basi kiangazi kizima bomba jekundu ndilo la baridi na la bluu ndilo la moto. Kila yaya, kila mpishi, kila mfua nguo mji huu anajua. Arbab hajui, nyumbani kwake matangi yana mashine ya kupoza. Na Ustad hajui, kwa sababu ana miaka kumi na moja kwenye chumba cha mashine ambacho kina baridi kama friji, chai analetewa, na tangu nimfahamu sijamwona akiosha hata kikombe.

Mimi hata bomba jekundu sikuliamini. Kila jioni nilijaza karai mbili nikaziacha ndani ya chumba cha mashine, zilale na vioo, ziamke zikiwa na ubaridi uleule. Hakuna aliyenifundisha. Nilivunja kitu kimoja wiki yangu ya kwanza, kibao kidogo kisicho na jina bado, nikakisema mwenyewe, nikatafuta kwa nini kilivunjika. Tangu hapo sijavunja.

Siku hiyo Ustad alikuwa ameipulizia ile tuzo unga mweupe ili mashine isome umbo lake. Alipomaliza alikuwa na haraka, sala ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Badala ya kuniita akaipeleka sinki mwenyewe. Kioo kimetoka kwenye ubaridi, kikakutana na bomba la bluu.

Tik.

Haikuachana vipande. Ufa ulianza juu kwenye ncha, ukashuka ndani kwa ndani ukipinda, mpaka kwenye kitako. Tuzo ilikuwa imesimama vilevile, ila sasa ilikuwa na unywele ndani yake.

Ustad alifunga bomba. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaiweka kwenye meza yangu, juu ya kitambaa changu, akaondoka kwenda msikitini.

Saa tisa arbab aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imeshachapwa, kwa Kiingereza, na kalamu imelazwa juu yake. Nikamwomba dada wa Kisumu anisomee. Ilisema mimi, jina langu kamili na namba ya pasipoti, nakiri kwamba kwa uzembe wangu nimeangusha na kuharibu mali ya mteja.

"Sikuangusha, sir."

"Anayeosha hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Iliwekwa kwenye meza ya nani?"

"Yangu. Lakini hii sikuiosha mimi."

"Sikiliza. Ni karatasi tu. Mteja lazima aonyeshwe kitu. Unasaini, naiweka kwenye faili, khalas, kesho tunasahau. Usiposaini, viza yako inaisha mwezi ujao, mimi siwezi kumwombea viza mtu mwenye kichwa kigumu."

Nililelewa vipi mimi? Kwetu nimezoezwa kusema samahani hata nikikanyagwa mguu wangu mwenyewe. Na arbab hakuwa anafoka, alikuwa anaongea pole pole, kama daktari. Mkono wangu ulishaanza kwenda. Kisha nikaona jina langu pale katikati ya karatasi. Lilikuwa limechapwa vizuri, herufi zimenyooka. Miaka miwili nimeosha majina ya watu, bora wa huku, shujaa wa kule, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona langu limeandikwa kwenye karakana ile.

Nikarudisha mkono.

"Hapana, sir."

"Hapana nini?"

"Sisaini."

Dada wa Kisumu alikohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa. Tulipotoka nje akanishika bega. "Wewe Bongo, hata wakikuletea kalamu ya dhahabu usiguse. Ukisign imeisha hiyo."

"Viza je?"

"Viza tutaona. Kwani hii Dubai ni karakana moja?"

Alisema kwa sauti kubwa ili arbab asikie. Mimi nikarudi sinki, nikaendelea kuosha.

Kesho yake arbab alinitoa kwenye sinki. Nikapelekwa uani kung'oa misumari kwenye makreti ya zamani, juani, nimejifunga kanga kichwani. Kila baada ya saa moja analeta karatasi. "Bado?" "Bado, sir." Nilianza kuimba. Dada wa Kisumu alikuwa ametafuta nyimbo za wale madam kwenye simu na tulishaziimba wiki nzima bila kujua neno hata moja, tunaweka la-la-la pale penye Kirusi. Nikaziimba uani kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, nikipigia nyundo. Mafundi wa gereji wakachungulia ukutani, mmoja akaitikia. Karatasi ikaja, ikarudi. Nikabadilisha wimbo.

Jioni Ustad alikuja na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Alikaa juu ya kreti, akaangalia viatu vyake.

"Beti," alisema. Kwao ni binti. "Saini. Wewe bado mdogo, utapata kazi popote. Mimi nikirudishwa, nina mabinti watatu, wote wanasoma. Mkubwa ni rika lako."

Hapo moyo wangu ulikuwa karibu kunisaliti. Mimi ni mtu wa kulia nikiona paka amelowa maji ya mvua. Nilimwona anavyozungusha vidole vyake, vidole vinavyochonga maua kwenye kioo, na nikaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

"Binti yako mkubwa," nikamwuliza, "akiletewa karatasi kama ile, wewe baba yake utamwambia asaini?"

Akaokota msumari chini, akaugeuzageuza.

"Ustad, jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Nakuahidi. Lakini na langu halitatoka mkononi mwangu."

Akainuka, akaondoka. Chai yake nikainywa. Ilikuwa tamu, tena alikuwa ametia iliki.

Siku ya tatu wale madam walikuja kuona kazi inaendaje. Arbab aliwapokea mlangoni kwa tende na kahawa. Nikiwa uani nilisikia sauti ya nywele nyekundu ikicheka, kisha haikucheka tena. Nikaweka nyundo chini. Nikafungua kanga kichwani, nikaifunga upya vizuri, nikaingia bila kuitwa.

Tuzo ilikuwa mezani juu ya shali yake. Nywele nyekundu ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wa miwani alikuwa amevua miwani, na macho yake, sikutegemea, yalikuwa madogo na yamechoka.

"Msichana wetu aliiangusha," arbab alikuwa anasema. "Tumeshamchukulia hatua. Na tutawatengenezea mbili mpya, madam, nzuri kuliko hii, zimenyooka..."

"Sikuiangusha," nikasema.

"Wewe rudi uani."

"Haikuanguka, madam. Tazama." Nikasogea, nikainua tuzo. Hakuna aliyenizuia, nadhani kwa mshangao. "Kioo kikianguka kinameguka pembeni. Pitisha kidole. Pembe zote ziko nzima. Ufa uko ndani, umepinda. Huo ni ufa wa maji ya moto."

"Nani anaosha kioo kwa maji ya moto?" arbab aliuliza, na kusema kweli aliuliza kama mtu ambaye hajui.

"Njoo sir, nikuonyeshe."

Nikawapeleka sinki, wote. Nikafungua bomba la bluu. "Hili ni la maji ya baridi, sivyo? Weka mkono, sir." Arbab akasita, anaangalia shati lake. Yule wa nywele fupi ndiye aliyenyoosha kidole. Akakirudisha haraka na kusema neno la Kirusi ambalo sidhani limo kwenye nyimbo zao. Nikafungua jekundu. Nikawaonyesha hita iliyozimwa, nikawaonyesha na karai zangu mbili ndani ya chumba cha mashine, maji yamejaa tangu siku niliyotolewa, yana vumbi juu.

"Mimi huosha humu," nikasema. "Kila siku. Anayeosha kila siku hawezi kufungua lile la bluu. Atakayefungua lile ni mtu ambaye haoshi."

"Ni nani basi?" aliuliza nywele fupi.

Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa inanguruma. Dada wa Kisumu aliangalia dari. Ustad alikuwa nyuma ya kioo cha chumba chake, kalamu mkononi, haandiki.

"Mimi najua tu ambaye siye," nikasema.

Yule wa nywele fupi alinitazama. Kisha akamgeukia arbab. "Hatua uliyomchukulia. Ifute."

"Ni karatasi tu, madam, hata hakusaini..."

"Hakusaini?" Na hapo ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa mdomo. Akamwambia mwenzake kitu kwa lugha yao. Nywele nyekundu alikuwa analia, lakini naye akatikisa kichwa, akacheka ndani ya kilio.

Tuzo haikupona. Isije mtu akadhani mambo yaliisha vizuri yote. Walikasirika, na walikuwa na haki. Arbab alipojaribu tena kusema mpya itakuwa nzuri kuliko ya zamani, nywele fupi alimjibu, "Ya zamani ilipokelewa na wasichana wa miaka kumi na sita. Mpya itapokelewa na dereva." Hakumpa mkono. Waliiacha ile yenye ufa ili nakala imaliziwe, na alipofika mlangoni aligeuka, akaninyooshea kidole mimi. "Aoshe yeye."

Arbab hakuniomba msamaha. Alinirudisha sinki na maombi ya viza akayapeleka, bila kusema neno, kama mtu anayelipa faini. Ustad pia hakusema kitu mbele za watu. Ila siku hizi akimaliza kazi hagusi bomba. Anafungua mlango wa chumba chake na kuita, "Beti, maji." Na wiki ile nilimwona amesimama juu ya kiti, anachora mstari mwekundu kwa rangi ya gereji kwenye bomba la bluu.

Nakala ya jani la barafu ilikamilika siku moja kabla ya wao kuja kuzichukua zote. Kingo zake tuliziacha zisizo sawa vilevile, Ustad alizirudia mara nne mpaka zikawa mbaya sawasawa. Saa ya chakula wenzangu walitoka kwenda kwenye kivuli cha gereji. Nikabaki. Niliiosha kwenye karai yangu, nikaikausha, nikailaza chali juu ya kitambaa. Kitako chake kilikuwa bado wazi, kile kitambaa cha kijani kinachobandikwa chini hakijabandikwa. Nikachukua kalamu ya ncha ya almasi ambayo Ustad huandikia namba za kazi. Nikaandika kwa herufi zangu kubwa kubwa, Nimeiosha mimi, na chini yake jina langu lote, la kwangu na la baba. Nikapuliza unga wa kioo. Nikapaka gundi, nikabandika kitambaa cha kijani, nikakibonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka kikashika.